Miezi 14 na TrueNAS: ghala moja, seva tatu za Proxmox

Nina kompyuta tatu ndogo zinazoendesha Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), na ya nne, kubwa kidogo, iliyojaa diski. Hiyo ya nne nimeiwekea TrueNAS, mfumo unaoigeuza kompyuta kuwa ghala la data kwenye mtandao, na mwezi huu inatimiza miezi 14 ikibeba diski za mashine pepe zangu zote isipokuwa moja. Naipenda na naipendekeza. Ila nilivyoipanga mwanzo sivyo ilivyo leo, na anayepanga ghala lake angefaa ajue kwa nini kabla hajanunua hata kebo.

Kilichonivuta ni ZFS, mfumo wa faili uliozaliwa Sun Microsystems. Kila kipande cha data huhifadhiwa pamoja na hesabu ya kukithibitisha. Kikisomwa kikaonekana kimeharibika, ZFS hukitengeneza upya kutokana na kilichopo kwenye diski nyingine. TrueNAS, ile ambayo wakongwe bado wanaiita FreeNAS, inakuwezesha kusimamia yote hayo kwenye kivinjari.

Nikaunganisha diski sita za terabaiti 4 kwa mpango wa RAIDZ2, ambao ni njia ya ZFS ya kuzifanya diski nyingi kuwa kundi moja. Hesabu ilinipendeza: karibu terabaiti 16 za kutumia, na hata diski mbili zikifa pamoja data ipo. Nilinakili faili la gigabaiti 40, likaenda vizuri tu. Kisha nikasasisha Debian, mfumo endeshi wa Linux, ndani ya mashine pepe. Jina la kifurushi likatokea kwenye skrini, likakaa. La pili likaja, likakaa. Sasisho la kawaida lilinimalizia kikombe kizima cha chai.

Sababu ni hii. Programu ya vifurushi vya Debian huomba kila mara ithibitishiwe kwamba data imefika diskini. NFS, njia ambayo seva hutumia kufikia faili za ghala kupitia mtandao, hulipeleka ombi hilo kwenye ghala, na ZFS hailijibu mpaka imeandika kweli. Nalo kundi la RAIDZ, hata likiwa na diski sita, kwa kazi ndogo ndogo za huku na huku huenda kwa kasi ya karibu diski moja. Nilikuwa nimepanga nafasi, wakati mashine pepe zinataka majibu ya haraka.

Nilijaribu kuzima sync, yaani sharti hilo la kungoja uthibitisho. Kila kitu kikaruka! Asubuhi yake nikairudisha, kwa sababu kuizima ni kuruhusu ghala liseme "nimeandika" wakati data bado iko kwenye RAM. Umeme ukikatika, sekunde chache za mwisho hupotea, na hifadhidata iliyo ndani ya mashine pepe inaendelea kuamini kwamba zipo. Tafadhali usiishi hivyo.

Nilihamisha data, nikaivunja RAIDZ2 na kupanga diski zilezile jozi tatu za pacha, kila jozi ikiwa na data ileile kwenye diski zake mbili. Nafasi ilishuka hadi karibu terabaiti 12, lakini sasa kazi zinagawanyika kwa jozi tatu. Kisha nikaongeza SSD moja ya SLOG, mahali pa haraka ambapo ZFS huandika kwanza data inayongojewa uthibitisho. Haihitaji kuwa kubwa: ZFS hushusha mzigo kwenye diski kila sekunde 5 hivi, na katika muda huo mtandao wa gigabiti 10 hauwezi kuleta zaidi ya gigabaiti 6 na kitu. Usichoweza kukiacha ni kapasita zinazolinda data umeme unapokatika. Bila hizo ni afadhali usiiweke. Sasisho la Debian sasa linapita bila mimi kuliwazia.

Kwenye mtandao nilikosea pia. Corosync, inayobeba salamu za "nipo" kati ya seva, niliipitisha kwenye kebo moja na ghala. Usiku wa nakala rudufu kebo ikajaa, salamu zikachelewa, na seva mbili zikajiwasha upya zikidhani zimetengwa. Sasa Corosync ina swichi yake ndogo ya gigabiti 1, na ghala liko peke yake kwenye gigabiti 10.

Faida ya ghala la pamoja naiona kila ninapohamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine bila kuizima. Diski yake haiendi popote; kinachosafiri ni RAM tu. Gigabaiti 4 zilichukua kama sekunde 40 hata kwenye mtandao wa zamani, na ping, jaribio la kuuliza kila mara kama mashine inajibu, ikakosa jibu moja.

Upungufu wa kweli wa mpango huu ni kwamba ghala ni moja. Likizimwa kwa sasisho, mashine pepe zote zinazolitegemea husimama kulingoja. Ceph, mfumo unaotawanya ghala kwenye seva zote, ingeliondoa hilo, lakini kwa kawaida huhifadhi kila kitu mara tatu na inataka diski nzuri ndani ya kila seva, na kompyuta zangu hazina nafasi hiyo.

Mashine pepe niliyoiacha nje ni ya DNS, huduma inayobadilisha majina ya kompyuta kuwa namba za IP. Iko kwenye diski ya ndani ya seva ya kwanza, na Proxmox hulifikia ghala kwa namba ya IP, si kwa jina. Umeme ukirudi, hakuna anayemngoja mwenzake.