Umeme ukikatika na mtoto anategemea mashine: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Mwanangu ana miaka minane. Ana mtindio wa ubongo, kumeza kunampa shida, na makohozi humjaa kooni, hasa usiku. Ndani tuna mashine ya kuvuta makohozi, tuna nebulaiza, ile inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, kwa sababu kifua humbana kila mvua zikianza, na tuna feni, maana Tabata, Dar es Salaam, mwezi wa pili bila feni hata mtu mzima halali. Nimenunua vibaya mara mbili kabla sijanunua vizuri, na mpangilio huu umetokana na pesa hizo zilizopotea.

Najua kuna atakayesema mgao si umekwisha. Ule wa mwishoni mwa 2023 tuliuonja sote, na tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha Februari 2024 tumepumua. Ila koo la mwanangu halijui tofauti ya mgao na transfoma iliyolipuka mtaa wa pili. Wala halijui LUKU, umeme wa kulipia kabla, iliyoisha saa nane usiku, ambayo kwangu ndiyo imezima taa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hesabu ifanyike nyumbani, si kaunta

Geuza kila mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikiwa na W, hizo ndizo wati. Kikiwa na V na A peke yake, zidisha moja kwa nyingine. Kisha jiulize: katika usiku mmoja, mashine hii inafanya kazi muda gani hasa? Si muda iliochomekwa, muda inaofanya kazi.

Hesabu yangu ya usiku mmoja, muda wa saa nane, ilikuwa hivi. Mashine ya makohozi ni wati 100, lakini kila nikiitumia ni dakika tano, mara sita kwa usiku, yaani nusu saa. Hiyo ni wati-saa 50, yaani wati mara saa. Nebulaiza wati 120, robo saa, mara mbili: 60. Taa ya wati 7 usiku kucha: 56. Halafu feni ya kusimama, wati 50, saa nane mfululizo: 400.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Ule mzigo niliokuwa naulilia haukuwa wa mashine za hospitali, ulikuwa wa feni. Kinachomwokoa mtoto kinakula umeme kidogo, kinachomstarehesha ndicho kinachomaliza betri. Ukilielewa hilo, nusu ya maneno ya muuza duka yanakosa pa kushika. Jumla yangu ilikuwa 566. Feni ile nikaibadilisha kwa ya kuchaji inayokula wati 15, nayo kwa saa nane ni 120 tu, jumla ikashuka hadi 286. Ongeza robo yake kufidia kinachopotelea kwenye inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unafika kama 360. Kutoka hapo ndipo unaanza kuuliza bei.

Nafasi ya kwanza: kile kisichotumia umeme kabisa

Hapa watu hucheka. Umekuja kutafuta betri, naanza kukuuzia pampu ya kukanyaga. Lakini ipo mashine ya kuvuta makohozi inayoendeshwa kwa mguu, nyingine kwa mkono, na mara nyingi ni nafuu kuliko maboksi ya betri utakayotajiwa hapa chini. Uliza kwenye maduka ya vifaa tiba. Ukishaipata, hakikisha mirija unayotumia kwenye mashine ya umeme inaingia na kwenye hiyo. Yangu haikuingia, nikarudi dukani siku ya pili na mrija mkononi.

Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya kazi, mrija ukiwa tayari mdomoni mwa mtoto. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Nikamwambia, "Mama, shikamoo tutasalimiana kesho, kanyaga hapa." Akakanyaga akiwa na kanga kifuani, anahesabu kwa sauti kama anatwanga, na yale makohozi yakatoka. Ni mtu wa miaka sabini. Kama yeye aliweza bila kufundishwa, basi kifaa hicho kinafaa nyumba yoyote.

Kwa kifua, muulize daktari wako kuhusu pampu ya pumu ikitumika na chemba ya plastiki. Kwa watoto wengi dawa ileile hufika kwenye mapafu vizuri bila nebulaiza. Chemba ikikosekana, hata chupa ya maji ya nusu lita huweza kutengenezwa ikafanya kazi hiyo, ila mtaalamu akuonyeshe jinsi ya kuitoboa na kuishika. Usijaribie siku ambayo mtoto kabanwa.

Nafasi ya pili: feni na taa za kuchaji

Baada ya hesabu ya juu sina haja ya kueleza sana. Nunua feni yenye betri inayobadilishika, siyo ile iliyofungwa moja kwa moja, kwa sababu kinachokufa kwanza ni betri. Taa chukua mbili, moja ya kuvaa kichwani. Huwezi kuvuta makohozi huku umeng'ata tochi, nimejaribu.

Nafasi ya tatu: boksi la betri lenye inverta ndani

Haya ndiyo maboksi yenye mpini unayoyaona siku hizi, EcoFlow, Bluetti na mengine. Ndani kuna betri ya lithiamu, chaja na inverta vyote pamoja. Huhitaji fundi, unachomeka kama soketi ya ukutani, na unaweza kulibeba mkakimbilia nalo hospitali kwenye bajaji. Kwa nyumba ya kupanga ni jambo kubwa: ukihama, linahama.

Usisome jina, soma namba mbili. Ya kwanza ni uwezo, wati-saa. EcoFlow River 2 ina 256, Bluetti EB3A ina 268. Kwa hesabu yangu ya 360 hakuna hata moja inayofika asubuhi, lakini zote zinaibeba mashine ya makohozi na nebulaiza mikesha zaidi ya mmoja, feni ikijitegemea kwa betri yake. Namba ya pili ni wati inazoweza kutoa kwa mpigo. Mota yoyote ikiwaka huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache kuliko ule ulioandikwa, mara mbili, tatu au hata zaidi. Boksi la wati 300 na nebulaiza ya 120 vinaweza kuelewana, vinaweza pia kugoma.

Kwa hiyo nenda na mashine yako dukani. Si picha yake, yenyewe. Iwashe pale kwa nusu saa, na muuzaji akikataa, toka.

Angalia pia kama betri imeandikwa LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu. Hiyo huchajiwa na kutumika maelfu ya mara kabla ya kuchoka.

Nafasi ya nne: inverta, betri na sola vya kufungwa na fundi

Kwa nyumba yako mwenyewe, na kwa mtoto anayehitaji umeme mwingi, hii inapanda hadi juu. Nimeiweka hapa kwa sababu ndipo watu wanapopigwa sana, mimi nikiwa mmojawapo.

Duka moja, sitalitaja, liliniuzia inverta "ya wati 1000" na betri ya jeli "mpya". Nilipochomeka nebulaiza, haikulia kama kawaida yake. Ilikoroma kama nyuki ndani ya debe, na baada ya dakika kumi ganda lake lilikuwa la moto hadi nikaogopa kulishika. Fundi wa mtaani alikuja, akaweka sikio, akatikisa kichwa. "Mama, hii ni ya taa na simu. Mawimbi yake ya kukatwakatwa. Mota haipendi." Ulizia inverta wanazoziita pyua saini, zenye mawimbi safi kama ya TANESCO. Ni ghali zaidi, lakini mashine ya mtoto ni ghali kuliko hiyo tofauti.

Na betri? Betri ya jeli ya 12V, Ah 100, inashika wati-saa 1,200 (V mara Ah), lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inakupa karibu yote. Kuna njia ya kijinga ya kugundua jeli feki nami naipenda: inyanyue. Ah 100 ya kweli ina uzito wa karibu kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, ndani hamna kitu. Lithiamu ni nyepesi kwa asili, kama kilo 10 hadi 12, kwa hiyo mtihani huo hauifai.

Betri ya gari usikubali hata ukipewa bure. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, ukiikausha kila usiku inakufa mapema, na ikichajiwa chumbani inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Kama mtoto anatumia mashine ya oksijeni

Hapa mpangilio wote unavurugika. Mashine ya lita 5 kwa dakika hula kama wati 350, na haizimwi. Kwa saa nane ni wati-saa 2,800, ukiongeza robo ya upotevu unafika 3,500. Hizo ni betri tatu za lithiamu za Ah 100, au sita za jeli. Boksi dogo la mkononi litamaliza chaji ndani ya saa moja.

Kwa mtoto huyu nafasi ya kwanza ni mtungi wa oksijeni wa akiba, kabla ya betri yoyote. Hesabu yake ni rahisi: gawanya lita zilizomo kwa lita anazotumia kwa dakika. Mtungi wa lita 680 kwa mtoto wa lita 1 kwa dakika ni dakika 680, kama saa kumi na moja. Usimamishe imara, mbali na jiko na mshumaa, wala usipake mafuta wala grisi kwenye koki yake. Na mwambie daktari atamke kabisa: umeme usiporudi baada ya saa ngapi mnaondoka kwenda hospitali? Jibu liandikwe ukutani.

Nafasi ya tano: jenereta

Lina nguvu na ni rahisi kupata, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Mtu mzima akianza kuumwa kichwa anaweza kutoka nje. Mwanangu hawezi kutoka, wala hawezi kuniambia kichwa kinauma. Kwa hiyo si barazani, si koridoni, si dirishani. Liwe uani, mbali, mdomo wa moshi ukielekea kusiko na watu. Kwenye nyumba zetu za kubanana, "kusiko na watu" ni dirisha la jirani, na ndiyo sababu mimi sikununua. Yale madogo ya petroli iliyochanganywa na oili, umeme wake hupanda na kushuka, usiyaunganishe moja kwa moja na mashine ya mtoto.

Mwisho wa foleni

Yupiesi ya kompyuta, hilo kosa langu la pili. Betri yake ni ndogo, mara nyingi 12V Ah 7, yaani wati-saa 84 kabla ya upotevu. Inakupa muda wa kumalizia ulichoanza na kutafuta tochi, basi. Pawabenki "ya 20,000" ni wati-saa 74 tu, ifae simu, maana simu yenye chaji ndiyo LUKU na ndiyo bajaji ya usiku.

Sisi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunashusha swichi kubwa saa mbili usiku, makusudi, tunalala hivyo. Dada yake anashika saa, baba anakanyaga pampu, mimi naandika kila kitu kilizima saa ngapi. Mara ya mwisho boksi lilifika asubuhi na chaji ikabaki. Feni ilizima saa kumi alfajiri, nikampepea kwa ungo hadi kukakucha. Betri yake ya pili nimeshaiagiza.