TAHADHARI: Pakeji feki za safari za mechi za Ohio State ugenini

Wana Columbus, Dayton na Cincinnati, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela ya safari ya Austin, Texas. Kuna jamaa anazunguka kwenye magurupu yetu ya WhatsApp, ya misiba, ya harusi, hata ya kwaya, anauza "pakeji" za kwenda kuangalia Ohio State, timu ya chuo cha Columbus, ikicheza futiboli ya Kimarekani ugenini: tiketi ya uwanjani, chumba cha kulala na kibali cha maegesho, vyote kwa bei moja. Novemba 2025 aliuza za Ann Arbor, kwenye uwanja wa chuo cha Michigan. Ninaowajua waliolipa walifika mpaka mlangoni na hakuna aliyeingia. Sasa ameibuka tena na mechi ya Texas ya Septemba 2026.

Jina lake siliweki kwa sababu halitawasaidia. Analibadilisha, na lile la WhatsApp silo linalotokea ukimtumia hela kwa Zelle, ile huduma ya benki ya kutumiana hela kwa simu. Mtamjua kwa mwenendo.

Anaanza na salamu ndefu. Atakuuliza kwenu wapi. Ukisema Kigoma, yeye ana shangazi Kasulu. Ukisema Mombasa, alisoma huko. Ukiwa Mkongomani atachomekea maneno mawili matatu ya Bukavu. Ukishalegea ndipo anakuja na mchongo: "Dada yangu, hizi tiketi nimeziweka kwa ajili ya watu wetu, sitaki waje wazimalize wengine." Halafu anakutumia picha ya tiketi, picha ya risiti ya hoteli, na kibali cha maegesho chenye nembo. Novemba alikuwa anachukua dola 310 kwa kichwa. Mechi yenyewe ni Ohio State na Michigan, watani wa jadi waliokutana mara ya kwanza mwaka 1897, tena inachezwa Jumamosi ya baada ya Thanksgiving, wikiendi ambayo vyumba vya karibu na Ann Arbor vinagombewa. Kwa dola 310 wengi walikuwa wanahangaika kupata tiketi tupu.

Shemeji yangu alinunua nne, yake, ya mkewe na za watoto. Mimi nilikuwa nao kwenye foleni, na tiketi yangu niliyoinunua kwingine, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Binti wa mlangoni alielekeza mashine kwenye simu ya shemeji, ikatoa mlio wa kukataa. Akajaribu tena. Akamwambia kwa upole afungue programu yenyewe ya tiketi, asimwonyeshe picha. Programu hana. Alichonacho ni skrinishoti aliyotumiwa WhatsApp, na pale juu kwenye kona inaonyesha betri ya simu ya mtu mwingine, asilimia 23.

Nikaichukua ile simu nikasoma vizuri. Imeandikwa viti viko ghorofa ya juu. Jamani, Michigan Stadium ni bakuli moja lililochimbwa ardhini mwaka 1927: unaingilia juu, unashuka ngazi kwenda kwenye kiti chako. Vyumba vya matajiri vipo pembeni, lakini ghorofa ya juu ya viti vya mashabiki, kama ile ya uwanja wa Ohio State kule Columbus, haipo. Uwanja wa watu 107,601, mkubwa kuliko wote Marekani, na tapeli hakujisumbua hata kuangalia picha yake. Vilevile alikuwa amewashauri wabebe mikoba yenye blanketi na chai kwa ajili ya baridi, wakati pale mlangoni mikoba hairuhusiwi. Ukikutana na mwenyeji wa safari ambaye hajui hilo, jua hajawahi kukanyaga pale.

Wakampigia. Mara ya kwanza alipokea, akasema mfumo unasumbua, wampe dakika kumi. Saa sita mchana mpira ukaanza. Mara ya pili haikuita kabisa. Kufika jioni wote wameblokiwa na namba imeshatoka kwenye gurupu, na jumbe zake za karibuni amezifuta.

Kibali cha maegesho nacho kilikuwa karatasi tu, ila hilo halikuwaumiza sana, kwa sababu wenyeji wa mitaa ya karibu na uwanja hukodisha nyasi za mbele ya nyumba zao siku ya mechi, unalipa unapaki. Kilichowamaliza ni hoteli.

Hapa naomba mnisikilize, maana ujanja huu hata mtu mwangalifu unampata. Mke wa shemeji siku ya Jumatano aliipigia hoteli ile ya Toledo mwenyewe, akawatajia namba ya risiti, wakamjibu ndiyo, chumba kipo. Na kweli kilikuwepo. Jamaa alikiweka kwa mtindo wa kulipia ukifika, ule unaokuruhusu kufuta bila makato. Akapata risiti halali, akawagawia watu, kisha Ijumaa akafuta. Jumamosi baada ya mechi familia imefika kaunta saa nne usiku, watoto wamelala mabegani, chumba hakipo na hoteli imejaa. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize tu kama chumba kipo. Uliza kimelipiwa? Kiko kwa jina la nani? Nani ana uwezo wa kukifuta? Kama jina si lako na hela haijalipwa, huna chumba.

Sasa tiketi. Siku hizi tiketi za vyuo vikubwa zinakaa kwenye simu, na nyingi zina mistari ya kuskani inayojibadilisha kila baada ya sekunde chache. Ndiyo maana skrinishoti haifai kitu: picha imeganda, mistari halisi imeshasonga. Hata ile isiyojibadilisha ikipigwa picha inaweza kuuziwa watu kumi, na atakayeingia ni wa kwanza kufika mlangoni. Tiketi inakuwa yako pale tu inapohamishiwa kwenye akaunti yako, kwa barua pepe yako, ukaipokea na ukaiona ndani ya programu yako. Si pale unapopata ujumbe kwamba "umetumiwa tiketi". Kwenye Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi mtandaoni, aliyetuma anaweza kughairi mpaka dakika unapoipokea. Kuna watu jamaa aliwaliza hivyo: wakaona ujumbe umeingia, wakamtumia hela, kurudi kufungua tiketi imeshavutwa. Na wako waliotumiwa kiungo cha uongo kinachofanana na cha kweli, kinaomba nenosiri na zile namba za siri zinazokuja kwa meseji. Hizo namba usimpe mtu yeyote, hata akiwa mchungaji wako.

Najua wengine mtasema kwenye tovuti makato ni mengi, unaona dola 200 ukifika mwisho ni 270. Ndivyo anavyosema na yeye. Ila tangu Mei 2025 kanuni ya FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, inawataka wauzaji wa tiketi za matukio ya mubashara, na wanaokodisha vyumba vya muda mfupi, waonyeshe bei kamili pamoja na makato tangu mwanzo. StubHub na SeatGeek, tovuti za watu kuuziana tiketi, ni ghali, sibishi, lakini wana dhamana: tiketi ikikataa wanakutafutia nyingine au wanakurudishia hela. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo unaweza kuipinga ile malipo kwenye benki yako. Tapeli wetu hataki kusikia habari ya kadi. Kwake ni Zelle au Cash App, programu nyingine ya kutumiana hela, na anakuomba uandike "zawadi" au "mchango". Hela ya Zelle ikishafika kwa mtu aliyesajiliwa huwezi kuighairi, na benki itakuambia uliituma mwenyewe kwa hiari yako. Hilo neno "mchango" nalo linamsaidia yeye, kwa sababu ukilalamika ataonekana hakukuuzia kitu.

Turudi Austin. Tangazo lake linasema ana viti arobaini vilivyo pamoja, upande wa mashabiki wa Ohio State. Uwanja wa Texas unachukua watu zaidi ya laki moja, viti vipo vingi, lakini vile vya mgao wa wageni vinapitia kwanza chuoni, kwa wafadhili na wenye tiketi za msimu. Mtu wa kawaida kuwa na arobaini kwa mkupuo, na aviuze kwa hasara kwa sababu anawapenda watu wa kwao? Tena safari hii anaongeza na ndege. Anachukua kianzio cha dola 150 "cha kushika nafasi", na anataka majina kamili, tarehe za kuzaliwa na picha za pasipoti. Msitume. Hela inaweza kupotea ukaitafuta nyingine, lakini picha ya pasipoti mikononi mwa mtu kama huyu ni mkopo unaokuja kwa jina lako mwakani.

Kama umeshalipa kianzio, usimgombeze kwanza. Hifadhi mazungumzo yote na namba zake kabla hajafuta, halafu piga simu benki leo hii, si wikiendi. Kama ulilipa kwa kadi, sema unataka kupinga malipo. Ripoti kwenye reportfraud.ftc.gov na ic3.gov (hii ya pili ni ya FBI), ile ya FTC unaweza kuijaza bila kutaja jina, na ukipiga simu unaweza kuomba mkalimani. Uliyemtumia pasipoti, funga taarifa zako za mikopo kwenye Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo, ili mtu asikope kwa jina lako. Ni bure.

Maadmini wa magurupu, namba yake ya sasa inaanza na tarakimu za simu za Texas (area code) na picha ya wasifu ni ya uwanja wenye mashabiki waliovaa nyekundu. Mkiiona, mtoeni, ila pigeni picha ya namba na matangazo kwanza. Familia zilizolizwa Novemba tunakusanya ushahidi wa pamoja wa kupeleka polisi, na tunachokosa zaidi ni majina ya akaunti za Zelle alizotumia. Kama ulimlipa, hata kama ni dola hamsini na unaona aibu kusema, njoo inbox.