Kusafisha rejista ya Windows: kipi ulipie, kipi uache

Laptopu ikianza kuganda, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni ipigwe Windows upya. Wa pili ni iwekewe programu ya kusafisha rejista. Huo wa pili ndio tunaoupanga hapa, kuanzia chaguo linalostahili pesa yako hadi lile la kuliacha lilipo. Tuseme mapema ili usishangae: programu zenyewe za kusafisha hazimo kwenye nafasi tatu za juu.

Sababu ni hesabu tu. Rejista ni ghala la mipangilio ya Windows na ya programu zako. Mafaili yake makuu, SYSTEM na SOFTWARE yakiwemo, yanakaa C:\Windows\System32\config, na lako binafsi ni NTUSER.DAT. Kisafishaji kikikutisha kwamba kimekuta "makosa 800", lipe kila kosa baiti 200: jumla ni KB 160, kama picha moja uliyotumiwa WhatsApp. Tena Windows haisomi rejista yote toka juu hadi chini; huenda moja kwa moja kwenye ufunguo (folda ndogo ya mipangilio) inaouhitaji. Mabaki yaliyolala pembeni hayamzuii mtu. Microsoft waliwahi kutoa kisafishaji chao, RegClean, miaka ya 1990, wakaiacha, na msimamo wao wa maandishi ni kwamba hawaungi mkono programu za aina hii.

1. Vilivyomo tayari ndani ya Windows (bure)

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda kwenye Startup, uzime vinavyojiwasha bila kazi. Usizime vya sauti, vya padi ya kipanya na vya kuzuia virusi. Kisha rudi kwenye Processes utazame safu ya Disk: ikikaa 100% dakika nyingi baada ya kuwasha, nawe hujafungua kitu, mshuku diski kabla ya rejista. Kisha fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Zote mbili hukarabati mafaili ya Windows yaliyoharibika. Hiyo ya kwanza huweza kuvuta mafaili kwenye intaneti, kwa hiyo hakikisha bando lipo.

2. SSD, na RAM ikibidi

Kama kuna pesa ya kutoa, itoe hapa: SSD ni diski isiyozunguka, RAM ni kumbukumbu ya kazi. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, na ikikutana na mafaili madogo madogo huporomoka vibaya. SSD ya SATA hufika karibu MB 500. GB 256 zinamtosha mtu wa ofisi. Kabla ya kwenda Kariakoo au Posta, jua mashine yako inapokea SATA ya inchi 2.5 au M.2. Za M.2 nazo zina aina mbili, SATA na NVMe. Kwa macho zinafanana, lakini nyingi haziwezi kubadilishana. RAM vivyo hivyo: DDR3L haiingii palipo DDR4. Dai risiti ya EFD, na namba ya kifaa iandikwe, la sivyo warantii itabaki mdomoni.

3. Revo Uninstaller (toleo la bure)

Inafaa kwa shida moja mahususi: programu iliyogoma kutoka, au iliyoacha mabaki yanayozuia kuiweka upya. Hutengeneza nukta ya kurejesha (restore point, nakala ya kurudi nyuma ikiharibika) kwanza, kisha huonyesha mabaki. Weka tiki kwenye yaliyokolezwa wino tu.

4. Visafishaji vya bure: CCleaner, Wise Registry Cleaner

Ukiamua kuvitumia, vichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, na wakati wa kuweka uondoe tiki za programu za nyongeza. Hata tovuti halali si kinga kamili: mwaka 2017 toleo 5.33 la CCleaner la biti 32 lilisambazwa likiwa limeshapandikizwa virusi.

Nakala ya akiba ndiyo kazi yenyewe hapa. Andika "restore point" kwenye Start, chagua diski C, bonyeza Configure, washa ulinzi, uutengee asilimia 5 ya diski, kisha Create. Usitegemee folda ya RegBack. Tangu Windows 10 toleo la 1803, Windows haiweki tena nakala humo yenyewe, utakuta mafaili ya KB 0. Faili la .reg ulilolitoa kwa regedit, kihariri cha rejista cha Windows, nalo lina mapungufu: ukilirudisha huongeza juu ya yaliyopo, halifuti yaliyozidi, na funguo zinazotumika wakati huo hukataa.

Chomeka printa, diski za nje na flashi zote kabla ya kuskani. Kisafishaji kikikuta njia inayoelekea diski E ambayo haipo, huiita kosa, na programu yako ya uhasibu iliyokaa huko inapoteza anwani. Soma orodha. Usiguse vya ActiveX, COM, DLL za pamoja wala Installer. Ukivifuta, programu inaweza kuanza kujisanidi upya kila ukiifungua, au kukataa kufutwa. Futa vichache, zima na uwashe, jaribu kuchapa. Na umeme usikatike katikati: laptopu iwe na chaji, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS.

Windows ikigoma kuwaka, ikatishe kwa kitufe mara tatu inapojaribu kuanza hadi ukurasa wa matengenezo utokee, kisha Troubleshoot, Advanced options, System Restore. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, itakudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike mahali kabla hujagusa chochote.

5. Leseni za kulipia

Nyingi huuzwa kwa dola, kwa mwaka, na hujikata zenyewe kwenye kadi mwaka ukigeuka. Skani ni bure, kufuta ndiko kunakolipiwa, hivyo namba kubwa ya makosa ni tangazo la biashara. Uskani wa namna hiyo umeshawafikisha watu pabaya: Machi 2019 Office Depot ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com milioni 10, kwa madai kwamba programu yao ya ukaguzi iliwaonyesha wateja matatizo ambayo hayakuwepo.

6. Kreki za kwenye flashi

Hizi ni programu za kulipia zilizovunjwa leseni. Zenyewe hukuomba uzime ulinzi wa Windows ndipo zifanye kazi, na wewe unazipa haki za msimamizi. Kama imeshaingia, badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia simu, si mashine hiyo. Hamisha nyaraka na picha tu, usihame na faili lolote la .exe, halafu hapo ndipo upige Windows upya.