Bima ya mbwa na paka: ipi ya kulipia na ipi ya kuacha

Paka dume anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka. Baada ya dakika tano anarudi. Mchanga bado mkavu. Njia ya mkojo imeziba, na kuanzia hapo potasiamu inapanda kwenye damu, figo zinaelemewa, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku mbili au tatu. Tiba yake inajulikana vizuri: nusukaputi, katheta, yaani mrija mwembamba wa kuzibua, dripu, vipimo vya damu vya kurudiarudia, na kulazwa siku kadhaa. Wengi hupona wakiwahishwa. Wapo pia wanaochomwa sindano ya mwisho kwa sababu tu bili ilizidi fedha iliyokuwepo usiku ule, na hilo ndilo linalotuuma.

Bima ya wanyama imewekwa kwa ajili ya usiku kama huo, na kwa mizani hiyo ndiyo tumeipima: siku bili kubwa ikitua mezani, italipa kweli? Mfugaji wa kawaida akijumlisha alichochangia miaka yote na alichorudishiwa, mara nyingi atakuta amechangia zaidi. Haiwezi kuwa vinginevyo, maana mishahara, ofisi na faida ya kampuni vinatoka kwenye mfuko huohuo. Anayekata bima akitaka hela yake irudi atanung'unika kila mwaka ambao mnyama wake ni mzima. Unachonunua ni uwezo wa kumwambia daktari "endelea" bila kupiga simu ya kukopa kwanza.

Biashara yenyewe si ngeni. Mbwa walianza kukatiwa bima Uswidi mwaka 1924, Uingereza 1947, Marekani 1982. Kampuni zimekuwa na muda wa kutosha kujua ugonjwa upi unazimaliza, na kila zilichojifunza kimo kwenye maandishi madogo ya mkataba.

Aina ziko nne, na watu huumia kwa sababu zote zinauzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni ya ajali tu: kugongwa na gari, kuvunjika mfupa, kumeza soksi au sumu. Ugonjwa haumo. Bei yake ni ndogo na inachoahidi inakitimiza. Ya pili hulipia kila ugonjwa kwa muda maalumu, kwa kawaida miezi 12, kisha ugonjwa huo unafutwa kwenye mkataba. Ya tatu haihesabu miezi, ila imeweka kikomo cha fedha kwa kila ugonjwa, kikiisha, kimeisha. Ya nne ni ya maisha: kikomo chake hujazwa upya kila mwaka unapohuisha mkataba, na ugonjwa uliogunduliwa mwaka jana unaendelea kulipiwa mwaka huu, mradi hujakatiza malipo.

Tofauti hiyo inaonekana mnyama anapopata ugonjwa usioisha. Chukua mbwa mwenye kisukari. Karibu siku zote atahitaji insulini hadi mwisho wa uhai wake, kwa kawaida sindano mbili kwa siku, pamoja na mabomba ya sindano, vipimo vya sukari vya siku nzima kila dozi inapobadilishwa, na mara nyingi mtoto wa jicho juu yake. Kwenye bima ya miezi 12, mwaka wa kwanza unalipiwa vizuri na mwenye mbwa anaisifu kampuni. Mwezi wa 13 kila kitu kinarudi mfukoni mwake, na ni vigumu sana kupata kampuni nyingine itakayomchukua mbwa yule pamoja na kisukari chake. Mzio wa ngozi ni vivyo hivyo, na kifafa, na ugonjwa wa figo kwa paka, na yabisi ya viungo. Kwa hiyo aina ya pili tunasema iachwe, hata ikiwa nafuu kiasi gani. Ya maisha ndiyo inayostahili ada yake. Ukishindwa kuimudu, ya ajali tu pamoja na akiba ni uamuzi wa busara kuliko kung'ang'ania ya katikati.

Twende kwenye hesabu. Kila mkataba una namba tatu: kiasi unachojilipia mwenyewe kwanza, ambacho watu wa bima hukiita eksesi, asilimia wanayokurudishia baada ya hapo, mara nyingi 70, 80 au 90, na kikomo cha mwaka. Zisome zote tatu pamoja, kisha uliza zinafuatana vipi. Tuseme bili ni 10,000 kwa fedha yoyote unayotumia, eksesi 1,000 na marejesho asilimia 80. Wakiondoa eksesi kwanza, wanabaki na 9,000 na kukurudishia 7,200. Wakipiga asilimia kwanza wanapata 8,000, kisha wanaondoa 1,000 na kukupa 7,000. Mkataba unaonekana uleule, lakini 200 imeondoka.

Eksesi yenyewe nayo ina sura zake. Ya mara moja kwa mwaka ni nzuri kwa mnyama anayeugua hiki na kile. Ya kila ugonjwa, tena inayorudi kila mwaka, ndiyo mbaya kuliko zote: mbwa akiwa na ngozi, sikio na tumbo katika mwaka mmoja, umelipa eksesi tatu, na pengine kila bili ilikuwa ndogo kuliko eksesi yake, hivyo hukurudishiwa hata senti. Uliza pia kama ada ya kumwona daktari inahesabiwa. Ipo mikataba inayolipia dawa na vipimo ikaiacha ada hiyo, na kwa ugonjwa wa kurudi kliniki kila mwezi ni fedha nyingi.

Kuhusu kikomo, usikadirie kichwani. Piga simu kliniki unayoitumia uulize bei tatu: kufungua tumbo kutoa kitu kilichomezwa, kurekebisha goti lililokatika kano, na kulazwa usiku tatu kwa uangalizi wa karibu. Kikomo cha mwaka kisichofika mara mbili ya bei kubwa kati ya hizo tatu hakikusaidii siku yenyewe.

Madai mengi hukataliwa kwa sababu moja: hali iliyokuwepo kabla ya bima. Wengi hudhani maana yake ni ugonjwa uliokwisha kupewa jina. Mkataba hautazami jina la ugonjwa, unatazama dalili. Kadi ya kliniki ina mstari mmoja, umeandikwa kwa kalamu siku ya chanjo: "Anachechemea kidogo, nyuma kulia. Apumzishwe." Hakuna aliyepiga eksirei, hakuna aliyelipa chochote, na mbwa alipona kesho yake. Miezi minane baadaye kano ya goti hilo inakatika, kampuni inaomba kumbukumbu zote za matibabu, inaukuta mstari ule, na dai linakufa. Tena kuna kifungu cha pande mbili: mikataba mingi husema tatizo la goti la kulia likiwa la zamani, la kushoto nalo halilipiwi. Kifungu hiki kinauma kwa sababu kati ya mbwa 100 waliokatika kano ya goti moja, 40 hadi 60 huja kukatika la pili.

Kipindi cha kusubiri kinaongeza ugumu. Kwa ajali ni siku chache au hakipo kabisa. Kwa magonjwa siku 14 ni kawaida, na kwingine 30. Kwa magoti na nyonga kinaweza kufika miezi sita. Dalili ikionekana ndani ya kipindi hicho inahesabiwa kuwa ya zamani. Ndiyo maana wakati mzuri wa kukata bima ni ule ambao haikuingii akilini kabisa: mtoto wa wiki nane, kumi, mzima, kadi yake haina neno zaidi ya chanjo na dawa ya minyoo.

Chanjo zenyewe, dawa ya minyoo, kuhasi, ujauzito na kusafisha meno kwa kawaida havimo. Nyongeza ya kuvilipia huuzwa pembeni, na ukiijumlisha utakuta karibu unalipa kwa awamu kitu ambacho ungelipa mwenyewe, iache. Ila chanjo zisikose. Mbwa akiugua parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, wakati chanjo yake imepitwa na tarehe, kampuni ina haki ya kukataa, na itakataa. Meno nayo hulipiwa yakiugua tu, mara nyingi kwa sharti kwamba daktari ameyakagua kila mwaka na ameandika hivyo.

Aina ya mnyama inabadilisha jibu kuliko kitu kingine chochote. Mbwa wa Bulldog na Pug huhangaika na pumzi, macho na ngozi ya mikunjo. Dachshund ana mgongo mrefu ambao diski zake huteleza, na upasuaji wa uti wa mgongo ni wa haraka na wa gharama. German Shepherd ana nyonga, Labrador ana viwiko na magoti, Cavalier King Charles ana vali ya moyo, Great Dane tumbo lake linaweza kujaa hewa na kujipinda, na hapo saa chache ndizo zinazoamua. Paka wa Maine Coon hurithi ugonjwa wa misuli ya moyo, Persian hurithi vifuko vya maji kwenye figo. Kwa hawa tunasema kata ya maisha, mapema, kisha hakikisha mkataba unataja wazi kwamba magonjwa ya kurithi yanalipiwa. Usipokiona kifungu hicho usikidhanie kuwa kipo.

Paka chotara anayekaa ndani ana hatari ndogo, ingawa akiwa dume ule mkojo ulioziba unamhusu. Mwenye paka wanne au watano aangalie akiba kwanza: mara chache wote huugua sana mwaka mmoja, kwa hiyo mfuko mmoja unawatosha kuliko mikataba mitano yenye eksesi tano.

Akiba ina udhaifu mmoja tu, lakini ni mkubwa: inahitaji muda. Ukiweka 50 kila mwezi, baada ya miaka mitano una 3,000 na fedha ni yako hata mnyama asipougua. Baada ya miezi mitatu una 150, na watoto wa mbwa humeza vitu katika miezi hiyohiyo. Anayeweza leo, bila kukopa, kulipa mara mbili ile bei kubwa aliyotajiwa na kliniki hana haja ya bima. Asiyeweza anaihitaji, angalau ile ya ajali mpaka mfuko ukue.

Jiandae pia kwa ada kupanda. Hupanda kwa umri wa mnyama na kwa bei za matibabu, hata kama hujadai chochote. Kampuni nyingine, mnyama akifika miaka 8 au 10, humlazimisha mwenyewe kubeba asilimia ya kila bili juu ya eksesi. Omba waonyeshe ada ya leo kwa mnyama wa aina yako mwenye miaka 10. Ndiyo picha iliyo karibu zaidi na utakachokuja kulipa. Ukiacha bima akiwa na miaka 9 kwa sababu imekushinda, umelipia miaka mizima na kutoka mlangoni pale uzee unapoingia. Kuhama kampuni nako kunaanzisha upya kusubiri, na kila alichougua kinakuwa cha zamani.

Kwa mnyama aliyekwisha kuzeeka, mwenye kadi iliyojaa, jibu letu ni akiba. Kilichobaki cha kulipiwa kwa kawaida ni kidogo mno ukilinganisha na ada.

Siku ya kudai, makosa ni yaleyale. Risiti ya jumla haitoshi. Omba bili iliyochanganuliwa, dawa kwa dawa na kipimo kwa kipimo, yenye jina la mnyama na tarehe. Ambatanisha kumbukumbu zote za matibabu, pamoja na za kliniki ya zamani, kwa sababu zikikosekana dai husimama hadi zipatikane. Mweleze daktari dalili zilianza lini kwa usahihi. "Muda mrefu sasa" ikiandikwa kwenye kadi ya tatizo la siku tatu inaweza kukugharimu dai zima. Tuma ndani ya muda wa mkataba, ambao mara nyingi ni siku 90 au 180. Kwa upasuaji usio wa dharura, omba kibali cha maandishi kabla. Na kumbuka kampuni nyingi hukurudishia, hazilipi kliniki moja kwa moja. Kwa hiyo hata mwenye bima nzuri anahitaji njia ya kulipa bili nzima kwanza. Kama huna, tafuta kampuni inayoilipa kliniki yenyewe, na uhakikishe kliniki yako inakubali utaratibu huo.

Ukishasaini, mikataba mingi hukupa siku kadhaa, mara nyingi 14 au 30, za kujitoa na kurudishiwa ada ikiwa hujadai. Zitumie siku hizo. Chukua kumbukumbu zote kliniki, zisome mstari kwa mstari, zitume kwa kampuni wewe mwenyewe na uwaombe waandike ni hali zipi watazihesabu kuwa za zamani. Kuna mstari wenye makosa, kama mguu wa kulia ulioandikwa badala ya wa kushoto? Mwombe daktari aurekebishe sasa, dai likiwa bado halipo. Na kampuni ikijibu kwa orodha iliyomaliza magoti, masikio na ngozi ya mbwa wako, jitoe kabla siku hazijaisha na ada ile ianze kuingia kwenye akiba mwezi huohuo.