The Odin Project: inamfaa aliyevua gwanda?

Anayevua gwanda akataka kuandika programu, awe ametoka kikosini au amemaliza kujitolea JKT Mafinga au Itende, huulizwa kwanza ana laki ngapi za ada. The Odin Project, mtaala wa mtandaoni wa kujifunza kutengeneza tovuti, haidai hata senti. Masomo yake mengi ni ya kusoma, hivyo hayali bando kama kozi za video.

Ugumu uko kwenye mashine. Odin haifundishi juu ya Windows tupu, inataka Linux au macOS, mifumo mingine ya kuendesha kompyuta. Ukinunua kompyuta ya mtumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, kabla ya kulipa hakikisha ina RAM ya GB 8 na diski ya SSD, kisha ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uone kama virtualization, yaani uwezo wa kuendesha mfumo ndani ya mfumo, inaweza kuwashwa. Ikiwa imezimwa, VirtualBox, programu ya kuendesha Linux ndani ya Windows, itagoma kuwasha Ubuntu (aina ya Linux) ya biti 64. Mwenye GB 4 asihangaike na VirtualBox: ahamishe mafaili yake, aweke Xubuntu, Ubuntu iliyo nyepesi, moja kwa moja mahali pa Windows.

Sehemu ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la kazi yako, ndiyo askari ataipenda. Ujumbe wa commit, yaani maelezo unayoandika kila unapohifadhi badiliko, hauna tofauti kubwa na daftari la lindo: nini kimebadilika na kwa nini, kwa namna ambayo anayepokea zamu ataelewa bila kukupigia simu. "Nimerekebisha" si taarifa. Wengi hukwama kwenye "git push", amri ya kupeleka kazi GitHub (tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git), wakiingiza nywila, ilhali GitHub iliacha kuipokea huko tangu Agosti 2021. Fuata somo la SSH, njia ya kujitambulisha kwa funguo badala ya nywila: tengeneza jozi ya funguo kwa "ssh-keygen -t ed25519", upeleke GitHub lile faili lenye .pub tu. Lile lingine, la siri, halitoki mkononi mwako, kama funguo ya ghala la silaha.

Mwisho wa Foundations, kozi ya kwanza ya Odin, kuna mradi wa kutengeneza kikokotoo, na hapo ndipo mtu hupimwa. Ukibonyeza 12 + 7 - 1 kinapaswa kuonyesha 19 mara tu unapobonyeza alama ya kutoa, kisha 18. Kugawanya kwa sifuri kusiangushe programu, na eval(), amri ya JavaScript ambayo ingekukokotolea yenyewe, hairuhusiwi. Anayeruka maelekezo huanza upya.

Kasoro yake ni kwamba hakuna afande. Hakuna ratiba, hakuna paredi ya asubuhi. Aliyezoea kusubiri amri anaweza kukaa wiki tatu kwenye flexbox, somo la kupanga vitu kwenye ukurasa. Ukiomba msaada kwenye Discord yao (jukwaa la gumzo), toa ripoti kamili: ulichotarajia, kilichotokea, ulichojaribu. Huenda atakayekukosoa ni kijana wa umri wa kuruta. Mwitikie vilevile.

Cheti hawatoi, na waajiri wa hapa wanakipenda. Kwa hilo ongeza CS50x, kozi ya mtandaoni ya misingi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo cheti chake cha bure hupatikana kwa kumaliza mazoezi yote na mradi wa mwisho.

Ukiamua kutengeneza programu ya bohari kama mradi wa kuonyesha, tumia vifaa vya kubuni, kamwe si orodha ya kikosi. Faili ulilolifuta bado limo kwenye historia ya Git, na mradi wako ukiwa wazi kwa umma GitHub, yeyote analisoma.