Mashine za masikio za mama: sauti poa, ila kagua namba kabla hujalipa

Kwa upande wa sauti sina neno kabisa, mama sasa anafuata maongezi hata watu wakiongea kwa pamoja. Nilichopenda zaidi ni app yake, ukiingia sehemu ya taarifa za kifaa unaona modeli, namba ya kifaa na toleo la programu, halafu modeli na namba unalinganisha na zilizoandikwa kwenye mashine yenyewe, alama nyekundu ni ya sikio la kulia, bluu la kushoto. Maandishi ni madogo mnoo, piga picha kwa simu uivute ndo utasoma. Zikipishana usilipe.

Usalama nao uko vizuri, simu mpya haiungi Bluetooth hadi uzime mashine uwashe tena na nafasi hiyo haikai muda mrefu, na kiwango cha juu kabisa cha sauti huwezi kukigusa kwenye app, anakiweka mtaalamu wa usikivu kwa kompyuta yake, nami naafiki maana sauti iliyozidi inaweza kuua hata usikivu uliobaki. Kasoro yake app haisemi kama muuzaji ameziwekea mashine kufuli la programu, na zikiwa na kufuli hilo mtaalamu mwingine hawezi kuzirekebisha, kwahiyo muulize muuzaji mapema na akuandikie jibu.