Siku tisa kwenye gesti ya Mji Mkongwe, Ramadhani na Kwaresima kwa pamoja: tatizo ni pampu, sio adhana

Naanza na hili maana najua ndo litakuwa swali la kwanza. Ndio, adhana inasikika. Inasikika sana tu. Nyie mnaoenda Unguja mkalala Mji Mkongwe wenye misikiti zaidi ya 40 kwenye kaeneo unakomaliza kwa miguu nusu saa, halafu mnarudi mnalalamika mmeamshwa alfajiri, mlitegemea nini jamani? Adhana ni dakika tatu nne, inaisha, unageuka upande wa pili unalala. Mimi kilichoninyima usingizi siku zote tisa ni pampu ya maji, na hiyo ntaielezea vizuri.

Nilitumwa na ofisi kwenda kukagua stoo, nimepanda boti ya Dar jumatatu tarehe 3 Machi 2025, Ramadhani ndo kwanza imeanza. Posho ya malazi niliyopewa huko Shangani kwenye hoteli za dola ingeisha siku mbili, so nikatafuta gesti ya watu wa kawaida upande wa Mkunazini, nikapata kwa elfu 45 kwa siku chai ikiwemo. Jina sitaji, nina malalamiko na wenyewe ni watu wazuri, sitaki kuwaharibia riziki.

Kwenye whatsapp nilikuwa naongea na kijana, nadhani ni mpwa wake mwenye nyumba, akanitumia picha ya chumba cha juu dirisha linaona bahari. Nafika, chumba hicho kina mtu, mimi napelekwa ghorofa ya kwanza dirisha linatazama kichochoro, na kichochoro chenyewe ukinyoosha mkono unakaribia kugusa ukuta wa jirani. Nikauliza bahari iko wapi, kijana akacheka akasema bahari ipo dada, ipo palepale, ukipanda paani unaiona. Sawa. Bei haikupungua hata mia.

Chumba chenyewe ni chembamba kama korido na kirefu. Nilinuna kwanza, baadae fundi mmoja aliyekuwa anapaka chokaa kule nje akanielewesha kwamba nyumba zote za zamani pale ziko hivyo kwa sababu dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko inayofaa kubeba dari haipatikani ndefu kama mtu anavyotaka, kama mita tatu hivi ndo mwisho wake, kwa hiyo upana wa chumba umepangwa na mti. Basi kwa hilo simlaumu mwenye nyumba, namlaumu mkoko. Ninachomlaumu ni ule ukuta wa bafuni uliopigwa sementi. Mawe yale ya matumbawe na chokaa yanataka kupumua, ukiyaziba na sementi unyevu unakosa pa kutokea, rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua na chumba kinanuka nguo iliyokunjwa mbichi. Fundi kasema wenyewe wanajua, ila sementi ndo rahisi kupata.

Sasa pampu. Maji ya bomba pale yanakuja usiku, tena usiku wa manane, na pampu ya kuyapandisha kwenye tenki la paani iko chini ya ngazi, nyuma ya ukuta ambao kichwa changu kinauegemea. Saa nane za usiku inawaka, inanguruma mpaka saa tisa na kitu, ikizima tu wapiga daku wanapita na madebe na ngoma, wakipita tu sufuria zinaanza jikoni, watu wanakula daku, halafu ndo adhana. Yaani kufika adhana mimi nimeshakuwa macho masaa matatu, adhana yenyewe ndo ilikuwa inanibembeleza. Nilisema siku ya pili, nikasema ya nne, nikaambiwa inshallah. Siku ya sita nikahamishia mto upande wa miguu, ikasaidia kidogo.

Chai asubuhi. Tangazo linasema chai imo, na kweli imo, ila huu ni mwezi mtukufu na Zanzibar kula hadharani mchana unaweza kukamatwa, sio mchezo, migahawa mingi inafungwa mpaka jioni ukiacha ya watalii. Kwa hiyo chai unaletewa chumbani, sinia limefunikwa kawa, mlango unarudishwa, na yule binti anayeileta kafunga huku anakubebea chapati za moto na harufu yote ile inampitia puani. Mimi nilishindwa. Siku ya kwanza nimekula naona aibu, ya pili nimeacha nusu, ya tatu ikawa Jumatano ya Majivu nikamwambia asilete, maana na mimi nimeanza kufunga.

Mwaka huo Kwaresima imeanza tarehe 5 Machi, Ramadhani iko kwenye kumi la mwanzo. Jioni nikaenda misa Minara Miwili, lile kanisa katoliki la Shangani la miaka ya 1890, nikapakwa majivu, nikatoka zimebaki kama dakika kumi magharibi iingie. Aisee ule mji dakika hizo kumi uuone. Vespa zinapita kwenye vichochoro kama zinakimbizwa, wanaume na vikombe vya uji mkononi wamefunika kwa sahani, watoto na mifuko ya kaimati, halafu ghafla kimya, hakuna mtu, ni paka tu. Hata pale Jaws Corner penye kelele za bao na dhumna na ile simu iliyogongomelewa kwenye nguzo imeandikwa kupiga nje ya nchi ni bure (haipigi popote) hapakuwa na mtu.

Nafika mlangoni namkuta mwenye nyumba, bibi mmoja mtu mzima wote pale wanamwita Bi Mkubwa, anapanga vyombo kwenye mkeka. Nikamwamkia shikamoo. Akaniangalia usoni, akaitikia marahaba, afu akasema mwanangu una masizi hapo, akashika ncha ya kanga yake akaitia ulimini akanisogelea kunifuta kama unavyomfuta mtoto anayeenda skuli. Nikarudi nyuma, nikamwambia Bi Mkubwa haya ni ya kanisani, leo tunaanza mfungo. Mkono ukabaki juu na kanga yake. Akasema, "Ah, basi yaache. Keti ufuturu."

Nikakaa. Akauliza mfungo wenu mwafunga vipi, nikamwelezea, leo na Ijumaa sili nyama, mlo kamili ni mmoja, siku nyingine najinyima cha asubuhi. Na maji je? Nikasema maji nakunywa. Akatikisa kichwa, akasema, "Maji wanywa? Hiyo si saumu mwanangu, hiyo dayati." Wote wakacheka mpaka yule binti wa chai. Lakini sahani ya sambusa ilikuwa mbele yangu na ni za nyama, sikumuona akiiondoa, niliona tu imefika upande wa pili wa mkeka na mbele yangu pamekaa mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Ijumaa ikawa hivyohivyo bila kumkumbusha mtu. Hoteli ngapi ushalala ukaandika kwenye fomu kwamba huli kitu fulani na wakakuletea hichohicho?

Futari yenyewe haimo kwenye bei, sikutozwa, nilijaribu kutoa elfu kumi ikarudishwa kwenye pochi yangu kwa nguvu. Uji wa pilipili manga, tende, kaimati, tambi, ndizi za nazi, mkate wa kumimina ambao mimi wa Bara ndo nimekula mara ya kwanza nikadhani ni keki. Kuanzia siku ya nne nikawa nanunua tende na maji ya ukwaju Darajani nikirudi, nafika nayo, hiyo walipokea.

Jumapili nikaenda tena misa asubuhi, nikarudi kwa kuzungukia kanisa la Waanglikana pale pale Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873, altare inasimama pale palipokuwa mti wa kuchapia watu. Nilishaingia zamani na safari ya shule, sikuingia tena, nilikaa tu nje. Mnara wa kanisa na mnara wa msikiti pale unaviona kwa jicho moja. Jioni kuna kengele nyingine ndogondogo, nikauliza ni wapi, wakaniambia ni Wahindi, hekalu lao lipo Hurumzi. Hakuna aliyekuwa anazizingatia hizo sauti ila mimi na wazungu.

Raha nyingine ya kile chumba nilichokinunia ni dirisha. Dirisha la kwa jirani kuna bibi hashuki ngazi, nadhani miguu, ana kikapu na kamba. Mchana wa saa kumi muuza boflo akipita anapiga kengele ya baiskeli, kikapu kinashuka na hela, kinapanda na mikate. Siku moja kimepanda, akahesabu chenji, kikashuka tena na ile chenji yote pamoja na maneno, kijana akaongeza mia mbili, kikapanda. Biashara yote hiyo hawajaonana usoni. Nilichelewa kurudi stoo kwa ajili ya kuangalia tu.

Mengine kwa kifupi. Wifi ipo paani tu. Ngazi ni kali, mwenye magoti mabovu asijaribu, na usiku hazina taa. Mashuka masafi, neti haina tundu, feni inafanya kazi, umeme ulikatika mara mbili wakawasha taa za chaji. Ukirudi saa sita usiku usiogope, baada ya tarawehe mji mzima uko nje, watoto wanacheza mpira saa tano, wanawake wamekaa barazani, usalama sikuona shida. Kwa mavazi jistiri, hakuna aliyeniambia kitu lakini niliona macho wanavyomwangalia dada mmoja wa kaptula na sikutamani yawe yangu.

Nawapa tatu na nusu kati ya tano. Nusu nimekata kwa picha ya bahari na moja nzima ni ya pampu. Wakiihamisha ile pampu narudi hata kesho. Ukienda, lipia chumba cha juu kabla hujapanda boti na ung'ang'anie jibu la maandishi. Ukifua nguo zako paani kaa nazo, na sabuni usiiache hata dakika, kunguru wa kule wanabeba, mimi wamenibebea miche miwili.